Darasa la Ramadhani, siku ya 12: Mgonjwa wa siko seli na kidonge chake



Ndugu zangu wa msikitini na nyote mnaotusoma kwenye chaneli hii, natumai mmefuturu salama. Darasa la leo nilipanga liwe juu ya kuhifadhi ulimi. Nimelisogeza mbele, ingawa mkisoma mpaka mwisho mtaona ulimi umo pia.

Juzi baada ya tarawehe mama mmoja alinitumia ujumbe wa sauti, dakika tatu hivi, na nyuma yake unasikia mtoto analia. Anasema mwanawe ana siko seli. Kliniki wamemwambia mtoto asifunge na asiache dawa hata siku moja. Bibi yake mtoto naye anasema huu ni mwezi wa shifaa, vidonge viwekwe pembeni mpaka Idi, mtoto anyweshwe maji ya kombe tu. Mama anauliza: "Ustadhi, nifuate lipi?"

Nilimjibu palepale kwa ufupi: fuata ulichoambiwa kliniki, na kidonge cha leo mpe sasa hivi kabla hajalala. Lakini jibu fupi halitoshi. Hapa Buswelu mama huyu hayuko peke yake, na bibi yule hayuko peke yake. Na bibi nisimlaumu sana, kwa sababu kuna wakati mimi mwenyewe nilikuwa upande wake. Nitafika huko.

Kwanza tukumbushane kisa ambacho wengi mmekisikia kwenye mlango wa kutayammamu. Amekipokea Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Asubuhi akawauliza wenzake: je, mnaniona nina ruhusa ya kutayammamu? Wakamwambia hatukuoni na ruhusa, maji si yapo? Akaoga. Akafa.

Habari ilipomfikia Mtume, rehma na amani zimshukie, alikasirika. Alisema wao ndio waliomuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza kama walikuwa hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Sasa hebu tulia hapo kidogo. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa masahaba, watu wa swala, na nia yao ilikuwa kumhifadhia mwenzao ibada yake. Maji yalikuwepo kweli, na hukumu waliyoitaja ni hukumu ya mtu mzima mwenye afya. Walichokosa ni kitu kimoja: hawakujua maji yanafanya nini kwenye kichwa kilichopasuka, na hawakumtafuta anayejua. Walimpa mgonjwa fatwa ya mzima.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Ni miaka kadhaa imepita. Madrasani kwetu kulikuwa na kijana wa miaka 14, mwembamba, mfupi, ukimwona utamdhania wa miaka kumi. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo na alikuwa anakosa darasa mara kwa mara. Mama yake alisema "anasumbuliwa na miguu". Sikuuliza zaidi. Ramadhani ilipoingia yule kijana akafunga siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Nikasema, mwangalieni huyu, mwili mdogo lakini imani kubwa, wewe mwenye misuli unakula mchana huoni haya? Watoto wakapiga takbira.

Baada ya sifa ile unadhani angeweza kuja kuniambia kwamba yeye hatakiwi kufunga? Alinyamaza. Akawa anaamka daku anakula kidogo tu, maji hanywi ya kutosha, na kidonge chake ambacho alizoea kumeza asubuhi baada ya chai akakiacha kabisa, kwa kuwa chai yenyewe haipo. Mama yake alikuwa anatoka alfajiri kwenda kwenye dagaa, hakujua. Siku ya sita, baada ya alasiri, kijana alianguka nje ya madrasa akiwa ameshika mapaja analia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Wapo waliosema ni jini. Tukamsomea. Kusoma hakuna ubaya, lakini tulimsomea karibu saa nzima huku tumemlaza kwenye mkeka, hakuna aliyempa hata kikombe cha maji, kwa sababu amefunga. Ni mpita njia, dada mmoja muuguzi, aliyemwangalia macho akauliza: "Huyu ana siko seli?" Kisha akatukaripia wote, wakubwa kwa wadogo, akaita bodaboda.

Alilazwa siku tisa. Maumivu yalikuwa yamehamia kifuani, akawekewa oksijeni, akaongezewa damu. Daktari aliponiona nimekaa pale na kanzu yangu aliniuliza swali moja tu, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Ustadhi, uliwahi kumuuliza huyu mtoto anaumwa nini?"

Alhamdulillah, alipona. Lakini tangu siku hiyo nikisoma kile kisa cha mtu wa jiwe sikisomi kama zamani.

Basi tuelezane huu ugonjwa ni nini, maana bila kuujua mwongozo wa daktari utauona kama ubishi wa wazungu.

Jina la Kiswahili ni selimundu. Mundu mnaujua, ule wa kukatia majani na mpunga, umepinda. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni duara na laini, zinapita kwenye mishipa midogo bila shida. Kwa mwenye ugonjwa huu, chembe zikikosa hewa ya oksijeni, au mwili ukipungukiwa maji, au ukipigwa na baridi au homa, zinajikunja kama mundu na kuwa ngumu. Zinanasa, zinaziba mishipa, na sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizibo inakosa damu. Ndiyo yale maumivu ya mifupa. Ikizibwa mishipa ya ubongo ni kiharusi, hata kwa mtoto mdogo. Na kwa kuwa chembe hizo zinavunjika haraka kuliko za watu wengine, mgonjwa ana upungufu wa damu siku zote na macho yanakuwa na ule umanjano.

Sasa fikiria mwili kama huo unakaa zaidi ya saa 13 bila tone la maji, na jua hili letu, na mtoto anatembea kwa miguu kwenda na kurudi shule.

Na ugonjwa wenyewe hautokani na jini, wala laana, wala mama kuwa na mkosi. Mtoto amerithi kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, wote wawili, kwa hiyo baba unayemnyooshea mkeo kidole, kigeuze kidole chako. Mwenye kinasaba kimoja tu haumwi, ni mbebaji, na mara nyingi hata hajui. Mwaka 1954 daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliandika kwamba wabebaji wanapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kwenye maeneo ya malaria, na ukanda wa ziwa letu umo. Utafiti uliowahusisha wataalamu wa Bugando na wenzao wa Cincinnati, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ulipima matone ya damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa hii ya kaskazini magharibi. Kama mmoja katika kila watano alikuwa mbebaji. Na kama mmoja katika kila mia, na kidogo zaidi, alikuwa na ugonjwa wenyewe. Hesabu safu za swala ya Ijumaa halafu uniambie kama jambo hili halituhusu.

Turudi kwa bibi na vidonge.

Mwenye kumwandikia mtoto dawa kliniki haandiki kutoka kichwani mwake tu. Nchi yetu ina mwongozo wa taifa wa matibabu, toleo la mwaka 2021 limo mikononi mwa madaktari, na umetokana na watu kupima, kulinganisha na kuhesabu waliopona na waliokufa. Chukua dawa moja tu, haidroksiurea. Inaufanya mwili utengeneze kwa wingi aina ya damu ambayo mtoto anakuwa nayo tumboni mwa mama, na damu hiyo haijikunji kirahisi. Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu ya kuwapa watoto wa Afrika dawa hii, kwamba pengine ingewaletea malaria zaidi. Basi wakapima. Watoto wa Kilifi hapo Kenya, Mbale hapo Uganda, Kinshasa na Luanda, zaidi ya 600, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hiyo malaria waliyoihofia nayo ilipungua. Hiki kidonge ambacho bibi anataka kikae kabatini mpaka Idi kimepitia njia ndefu mpaka kufika Buswelu.

Lakini kinafanya kazi kikimezwa kila siku. Hakifanyi kazi kama panadoli, kwamba ukiumwa unameza, ukipona unaacha. Ukiacha wiki nne, ile damu nzuri inashuka, na mtoto anarudi alikokuwa. Na mtu anaweza kusema, "Mbona mwanangu hajaumwa miezi sita, amepona, dawa za nini?" Ndugu yangu, hajaumwa kwa sababu anameza.

Vilevile ina masharti yake. Kuna tarehe za kurudi kupima damu kwa sababu dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe, zile askari wa mwili, na daktari anapandisha au kushusha kipimo kulingana na majibu na uzito wa mtoto. Kwa hiyo usimgawie mtoto wa jirani vidonge vya mwanao kwa huruma, na tarehe ya kliniki usiiruke kwa kuwa uko kwenye maandalizi ya futari. Najua kutoka hapa kwenda Bugando si mchezo. Nauli, foleni, siku nzima imekwenda, na kilima kile ukiwa umefunga unakisikia. Nenda tu. Ukishindwa, piga simu mapema waulize, usikae kimya.

Mengine walioandikiwa watoto wetu ni haya: foliki asidi kila siku, ili mwili upate cha kutengenezea damu mpya, penisilini asubuhi na jioni kwa walio chini ya miaka mitano, kwa sababu bandama lao haliwalindi na vijidudu kama la watoto wengine, chanjo zote, chandarua kila usiku na kinga ya malaria kama kliniki ilivyoelekeza, maji mengi, na kuepuka baridi. Hili la baridi vijana wetu wanalichukulia mzaha. Kuogelea ziwani asubuhi na upepo ule, kwa kijana mwenye selimundu, kunaweza kumlaza wodini jioni yake.

Kuna kosa moja la huruma nalisikia sana. Mtoto damu yake ndogo, basi anapewa vile vidonge vya FEFO vya mama mjamzito. Usifanye. Damu ya mtoto huyu imepungua kwa kuwa inavunjika, mara nyingi si kwa kukosa madini ya chuma, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na madini hayo kupita kiasi. Apewe chuma pale tu alipopimwa ikaonekana kimepungua. Juisi ya rozela mpe, ni kinywaji kizuri na ina maji ndani yake, lakini usiihesabu kuwa ni dawa.

Na kosa jingine liko kwetu tunaosindikiza wagonjwa. Tukisikia wingi wa damu ni 7 tunaanza kupiga kelele wodini, mwongezeni damu, mnataka afe? Wagonjwa wengi wa selimundu wanaishi na damu ya kiasi hicho siku zao za kawaida. Daktari anaangalia imeshuka kutoka wapi, mtoto anapumua vipi, bandama limevimba au la. Damu inaokoa, lakini ikitolewa pasipo haja ina madhara yake. Jua kiwango cha kawaida cha mwanao, kiandike kwenye daftari lake la kliniki, na umwonyeshe daktari yeyote utakayemkuta zamu.

Wapo kati yenu wauguzi na matabibu, nawajua, tunasimama safu moja. Niwaombe kitu kama ndugu. Mwongozo unawabana na nyie. Kijana wa selimundu akija usiku wa manane anagugumia kwa maumivu, usiseme huyu kazoea sindano. Maumivu ya mfupa uliokosa damu hayaonekani kwa nje, hakuna kidonda cha kukuonyesha. Mpe dawa ya maumivu mapema inavyoelekezwa, na homa yake usiiandike malaria ukamrudisha nyumbani kabla hujaangalia mengine.

Sasa la kufunga. Hapa ndipo penye ujumbe wa yule mama.

Mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga, awe mzima awe mgonjwa. Hilo halina mjadala. Na watoto wenye selimundu wengi wanachelewa kukua na kubaleghe, kwa hiyo usihesabu miaka tu ukasema "huyu mkubwa". Aliyebaleghe na ni mgonjwa, Suratul Baqara aya ya 184 na ya 185 zimemtaja wazi mgonjwa, ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na aya ikaeleza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Ikiwa ni maradhi ambayo hayatarajiwi kuondoka na kufunga kunamdhuru, wanazuoni wamesema anatoa fidia, kwa madhehebu yetu ya Shafii kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, kwa maskini. Hapo hajapungukiwa kitu. Ibada yake ndiyo hiyo.

Je, wote wenye selimundu ni sawa? Hapana. Yuko mtu mzima ambaye hali yake imetulia miaka, na daktari wake akampima akamwambia unaweza kujaribu, kwa masharti haya na haya. Huyo si wa kukatazwa na mimi. Lakini ruhusa hiyo itoke kwa anayeujua mwili wake, isitoke kwa jirani wala kwa ustadhi wa madrasa. Akiruhusiwa, aulize pia saa ya kumeza dawa. Haidroksiurea ni mara moja kwa siku, na kliniki wanaweza kumpangia iwe baada ya futari, akanywa maji kwa wingi kuanzia magharibi mpaka daku badala ya kusubiri kunywa jagi zima dakika tano kabla ya adhana. Na maumivu yakianza, afungue hapo hapo. Asingoje magharibi. Mtume alimkuta mtu safarini amezungukwa na watu wanamfunika kivuli kwa kuzidiwa na saumu, akaeleza kwamba kufunga katika hali ile ya safari si katika wema. Yule mtu alikuwa mzima, safari tu ndiyo iliyomlemea.

Kuna wanaoniuliza, daktari wangu si Muislamu, nimsikilize katika jambo la dini? Hili fuqahaa wamelijadili, na wapo waliotaka tabibu awe Muislamu mwadilifu. Ukimpata, vizuri, na tunao. Ila kumbuka Hijra. Mtume na Abubakar walipotoka Makka watu wanawawinda, waliyemwajiri awaonyeshe njia ni Abdullah bin Uraiqit, ambaye hakuwa Muislamu siku ile. Walimchagua kwa kuwa anaijua njia na ni mwaminifu. Wakamfuata alikopitisha, jangwani, na roho zao mkononi mwake. Daktari hakuambii saumu ni nini. Anakuambia njia ya mwili wako ilivyo. Akishakuambia, hukumu ichukue kwa shekhe wako.

Na kombe? Dua, ruqya, kisomo, vyote fanya, Qur'ani ni shifaa na sitasema kinyume. Lakini Mtume aliyetufundisha dua ndiye aliyewaamuru mabedui waliomuuliza wajitibu, akawaambia Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Mpe mtoto kidonge, kisha umsomee Fatiha ukiwa umeweka mkono kichwani mwake. Hivi viwili havijawahi kugombana. Tunaowagombanisha ni sisi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kisomo kwisha, wala hayasubiri asubuhi. Joto la mwili likifika 38 au zaidi. Kifua kubana au kupumua kwa shida. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kushindwa kuongea. Tumbo la kushoto kuvimba ghafla na mtoto kupauka (waulize kliniki wakufundishe kulipapasa bandama, akina mama wengi wanajua). Maumivu yasiyotulia kwa dawa ulizopewa za nyumbani. Uume wa kijana kusimama kwa maumivu na kukataa kulala. Hili vijana wanalificha kwa aibu mpaka wanapata madhara ya kudumu, baba ongea na mwanao. Likitokea lolote katika haya, ni hospitali, usiku huo huo. Nimewaomba vijana wawili wa hapa msikitini wenye bajaji wawe tayari mwezi huu wote, namba zao ziko kwenye ubao wa matangazo karibu na pa kuvulia viatu.

Jambo la damu. Wagonjwa hawa wanaongezewa damu ambayo mtu alikaa akaitoa. Mwezi huu wengi wetu tunaogopa kutoa kwa kuwa tumefunga, na kweli mchana ukitoa unaweza kuzidiwa. Basi tutoe usiku, baada ya kufuturu na kunywa maji. Nimeongea na wenzangu wa kamati, tutawaandikia watu wa Damu Salama hapa Mwanza tuone kama wanaweza kutupangia jioni moja. Wakikubali mtaona tangazo hapa. Ukitoa, huulizwi damu yako inakwenda kwa Muislamu au kwa nani.

Na nyie mnaotaka kuoana baada ya Idi, maana Idi na ndoa ni pacha, kapimeni. Ni kipimo cha damu tu. Wabebaji wawili wakioana, kila ujauzito una nafasi moja katika nne ya mtoto kuwa na selimundu. Sisemi muachane. Nasema mjue, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema na aanze dawa kabla hajapatwa na lolote. Wapo wanaosubiri habari za tiba mpya, na ni kweli Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Ni heri kubwa. Ila kwa walio wengi tiba iliyopo leo ni hii ya kliniki, kidonge kimoja kimoja, kila siku.

Yule mama nilimpigia tena jana. Bibi alikuwa karibu, nikaomba niongee naye. Nikamwamkia, nikamsimulia kile kisa cha jiwe, kisha nikamsimulia changu, chote, mpaka ile saa nzima kwenye mkeka. Akakaa kimya muda. Halafu akasema, "Kwa hiyo, baba, hicho kidonge anapewa saa ngapi?" Nikamwambia amuulize mkwewe. Nikasikia anamuuliza.

Kijana wangu wa madrasa sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya kushona nguo. Hafungi, kwa maelekezo ya daktari wake, na fidia yake anaitoa mwenyewe kila Ijumaa. Saa ya magharibi yeye ndiye anayegawa tende mlangoni, na chupa yake ya maji iko mezani wazi, mchana kutwa, hakuna anayemuuliza.

Kesho inshaallah tunarudi kwenye kuhifadhi ulimi. Wenye maswali ya leo nitumieni ujumbe kabla ya alasiri, na yale ya dawa nitayapeleka kwa daktari kabla sijayajibu.

Wabillahi tawfiq.